Jina Lako Nililitamka Mara Moja

Mpendwa baba mkwe,

Shikamoo. Nimeiandika salamu hii nikijua hutaiitikia, na leo, uniwie radhi, nafurahi kwamba hutaiitikia. Ningekuwa na ujasiri ningekuja pale ulipolala, nikae pembeni nikupigie soga kama wifi Konsolata anavyofanya kila akija kutoka Nyakahura. Yeye ni binti yako, anakusimulia mpaka habari za ndama wake. Mimi ni mkamwana wako. Tumeishi nyumba moja hapa Nyamiaga tangu nilipoolewa, na maongezi yetu yote yalipitia mlangoni, dirishani, au kwa mtoto. Kwa hiyo hata sasa nakuzungumzisha kwa mbali, kwa kalamu, na sababu nyingine ya kutumia kalamu utaiona mbele.

Unakumbuka nilivyokuja? Mama yangu alinifunda kwetu Kanazi siku nzima, na nusu ya mafundisho yale yalikuhusu wewe. Usimtazame usoni. Usikanyage chumbani kwake. Na jina lake, mwanangu, lisipite kwenye ulimi wako hata ukiwa peke yako shambani. Nililishika hilo kuliko yote. Yule jirani yetu mwenye jina kama lako nilimwita Baba wa Baiskeli, na baiskeli ilipoibwa nikaendelea kumwita hivyo hivyo. Kanisani, katika litania ya watakatifu, tulipofika kwa mtakatifu somo wako nilikuwa nakohoa. Siku moja ulimwambia Odetha nikiwa nasikia, "Mwambie mama yako kikohozi chake kinajua kusoma litania." Nilijificha jikoni kwa aibu, nikacheka mpaka machozi yakatoka.

Na wewe ulinirudishia heshima hiyo. Jina langu la Kanazi, lile alilonipa bibi yangu, ulilijua, maana lilitajwa siku ya mahari, lakini hukulitumia kamwe. Kabla Odetha hajazaliwa uliniita "ninyi hapo". Alipozaliwa ukapumua, ukaniita Mama Odetha, na ndivyo nilivyokuwa kwako siku zote.

Kisha ukateleza kwenye shamba la kahawa. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, ulikuwa unapogoa matawi, na tuliposikia kishindo tulidhani ni tawi. Nyonga ilivunjika. Ukapelekwa Mwanza, ukawekewa nyonga ya chuma, ukarudi ukitembea kwa fimbo na kujisifu kwa kila mtu. "Nigongeni muone," uliwaambia waliokuja kukupa pole, "ndani kuna pasi." Msimu mzima ulitembea vizuri, ukaenda misa na kurudi kwa miguu yako.

Sijui ni lini hasa kidonda kilianza, kwa sababu ulikificha. Ulivaa lile koti zito juani. Ulianza kukaa kwa ubavu mmoja. Mimi nilikinusa kabla sijakiona, harufu ya kitu kitamu kilichooza, ikipita pazia la chumbani kwako na kunifikia kwenye sufuria. Nikamtuma Odetha akuulize. Akarudi akasema, "Babu anasema mshono una jicho na jicho linalia."

Nani akusafishe? Mume wangu Deusi yuko mgodini, anarudi mwisho wa mwezi. Mama mkwe alishatangulia. Konsolata ana familia yake Nyakahura na hawezi kupanda gari kila siku kuja kufuta usaha. Nilibaki mimi, ambaye sitakiwi kuona hata goti lako. Ulisema utasubiri Konsolata. Ulisubiri, na shuka zikaanza kugandamana na ngozi yako, na nzi wakajua njia ya dirishani kwako. Nililia kwa hasira. Nilikasirikia mafundisho ya mama, nikakukasirikia na wewe.

Ndipo nikachukua shuka kuukuu, nikalikata dirisha katikati, upana wa kiganja. Odetha alilipeleka, akakufunika kuanzia kichwani mpaka miguuni, akalisogeza mpaka dirisha likakaa juu ya kidonda. Mimi niliingia nikitazama sakafu. Nilipoinua macho, hukuwepo. Palikuwa na shuka jeupe na tundu, na ndani ya tundu kijishimo chekundu kinachotoa maji ya njano. Hivyo ndivyo nilivyokuuguza, baba. Nakijua kidonda chako kuliko ninavyoujua uso wako. Mara ya kwanza hukusema neno mpaka nilipofika mlangoni, kisha sauti ikatoka chini ya shuka: "Asante, daktari." Tangu hapo chini ya shuka lile niliitwa daktari, na nje yake Mama Odetha.

Tulipata vidonge duka la dawa. Tundu likafunga. Tulishangilia, ukaagiza achinjwe kuku. Hatukujua kwamba mlango ulikuwa umefungwa na mgeni amebaki ndani.

Siku ya kwanza uliposikia sauti ilikuwa mchana, jua la utosi. Nilikuwa naanika maharage uani, wewe umekaa kwenye benchi ukiwa na koti, unatetemeka. Ukageuza shingo kutazama migombani.

"Mama Odetha, uko wapi?"

"Niko hapa, baba. Mbele yako."

Uliitazama mikono yangu, kisha ukatazama tena migombani. "Na kule ni nani?"

Sikuona mtu. Majani ya migomba yalikuwa yametulia, hakukuwa na upepo. Nikakuuliza unasikia nini. Ulinijibu ukiangalia chini kama mtu anayesema jambo la aibu.

"Ni wewe. Unaniita kwa jina."

Niliuweka ungo chini. Nikakuambia mimi sijawahi kulitamka, wala sitalitamka. Ukaniambia unajua. Na kisha, cha ajabu, ukatulia. Ukasema ndiyo maana hutaitika: mtu akiitwa na mtu asiyemwona hatakiwi kuitika, hilo tunalijua tangu utotoni, lakini wengi wanadanganywa kwa sababu sauti ni ya mtu wao. "Mimi sidanganyiki," ulisema. "Kilichokuja hakikuuliza desturi zetu. Kimechagua sauti ya mtu pekee ambaye hawezi kuniita." Ulionekana kama umeshinda mchezo wa bao. Mimi usiku ule sikusogea mbali na Odetha.

Iliendelea hivyo. Siku ambazo tundu lilifunguka na usaha ukatoka, homa ilishuka na migombani kulikuwa kimya. Likifunga, joto lilipanda, nawe ukaanza kugeuza shingo. Baadaye daktari alinieleza kwamba hiyo haina maajabu, uchafu ukikosa pa kutokea hupanda kwenye damu, na mtu mwenye homa kali husikia mengi. Nilimwamini, na bado namwamini. Ila sikumsimulia habari ya Mama Filbert.

Mama Filbert, jirani wa chini, nilikutana naye njiani nikitoka kisimani. Alikuwa anatoka upande wa kwetu. Aliponiona alisimama, akaangalia nyuma alikotoka, akaniangalia mimi na ndoo yangu.

"Wewe si nimekuacha migombani kwako sasa hivi?"

"Mimi natoka kisimani, dada."

"Acha utani. Nimekusikia unamwita mzee, jina lake lote. Nikasema haa, huyu naye siku hizi hana adabu?"

Ndoo niliiacha pale pale barabarani, nikakimbia. Nilikukuta umekaa kwenye benchi umeziba masikio kwa viganja viwili kama mtoto. Mbuzi wote wameacha kula, wameelekeza nyuso migombani. Nikampigia simu Deusi, nikampigia Konsolata, nikawaambia mzee anaondoka kesho kwenda Mwanza, atake asitake. Sikujua kwamba naweza kusema kwa sauti ile ndani ya nyumba yako.

Safari unaikumbuka. Konsolata alipandia Nyakahura akiwa na chupa ya chai na mto, na njiani nikamnong'oneza habari ya sauti. Ulilazwa kwenye viti vya nyuma, na kila tuta barabarani lilikutoa sauti ambayo hukutaka niisikie. Hospitalini, nesi wa mapokezi aliniuliza jina la mgonjwa.

"Lipo kwenye kadi hapo."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi ni mkwewe."

Nesi aliweka kalamu chini. Alikuwa mama wa Kisukuma, mtu mzima. Alicheka, akasema hata kwao mambo hayo yapo, akajiandikia mwenyewe kutoka kwenye kadi. Nilimpenda kuanzia hapo.

Bingwa wa mifupa alikuwa mtu mpole, anayeongea polepole. Alituita wote watatu. Alisema vijidudu vimeingia vikakaa juu ya chuma, na chuma hakina damu ya kupeleka dawa. Vikikaa muda mrefu vinajijengea utelezi, kama ule wa ndani ya dumu la maji ambalo halijasuguliwa, na chini ya utelezi huo dawa haivifikii. Kingekuwa kidonda cha siku chache wangefungua, wakaosha, wakabadilisha vipande vinavyobadilishika, chuma kikabaki. Sasa tumechelewa. Akatuambia tuache vidonge vyote kwanza, maana vinavificha vijidudu, na wao wanataka kuvivuta kwa sindano wavioteshe maabara wavijue ni vipi. Halafu watakupasua, watatoa chuma chote, watasugua mfupa, watakuwekea nyonga ya muda iliyotengenezwa kwa saruji ya mifupa iliyochanganywa na dawa. Utakaa nayo wiki nyingi, ukipata dripu kisha vidonge, mpaka damu ioneshe kwamba pametakata. Ndipo wakupasue tena wakuwekee nyonga mpya.

"Na nikikataa?" uliuliza.

"Mzee, vijidudu vikiingia kwenye damu vikakaa, hatutakuwa na cha kupasua."

Nilidhani unapima maumivu, kumbe unapima jambo lingine. Ukamuuliza, "Daktari, nikilala huo usingizi wenu, halafu nikaitwa, nitajuaje anayeniita ni nani?"

Daktari alitabasamu. "Tutakuita sisi, mzee. Usiwe na wasiwasi."

Konsolata alinitazama. Mimi nilitazama sakafu. Ni sisi watatu tu tulioelewa swali lako.

Uliweka kidole gumba kwenye karatasi. Asubuhi ya upasuaji nesi alikuja kukusafisha, akakufunika kitambaa cha kijani chenye tundu mahali pa kidonda. Mimi nilikuwa mlangoni nimegeuka. Nikasikia ukimwambia Konsolata, "Kumbe na hawa wana wakwe." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako ya mwisho kabla ya kusukumwa ndani, na kwa muda nilidhani yatakuwa ya mwisho kabisa.

Walikaa nawe sana. Damu ilipotea nyingi, chuma kilikuwa kimeshika mfupa, ikabidi waupasue mfupa ndipo kitoke. Hayo tuliambiwa baadaye. Sisi tulikaa kwenye benchi nje, Konsolata na rozari, mimi bila kitu, maana kila nilipoanza sala nilifika kwa somo wako nikakohoa.

Mchana wakatuita. Kawaida hawaruhusu ndugu mle ndani, lakini yule nesi wa Kisukuma alikuja mwenyewe akatushika mikono. Daktari wa usingizi alikuwa amesimama kando ya kitanda chako. Alisema dawa imeshaisha mwilini, moyo unapiga, unapumua mwenyewe, lakini huamki, na presha inashuka kidogo kidogo hata wakiongeza maji na damu. Alisema wakati mwingine mgonjwa husikia sauti ya nyumbani. "Mwiteni."

Nesi alishaita jina lako kutoka kwenye faili, akiliburuta Kisukuma. Konsolata akainama akaita, "Baba! Baba, ni mimi!" Akakupapasa shavu. Kisha akajikaza, binti wa watu, akaita jina lako kabisa. Hukutikisika. Uso wako ulikuwa umeelekea dirishani, upande wenye jua, na mimi kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilikuwa nakutazama usoni wazi wazi. Una kovu dogo juu ya nyusi. Sikuwa nalijua.

Halafu midomo yako ikacheza. Nesi akafurahi, "Anaamka!" Lakini Konsolata alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Alikuwa ameona nilichoona. Ulikuwa hututazami sisi. Shingo yako ilikuwa inageuka zaidi kuelekea dirishani, vilevile ulivyogeuka kwenye benchi la nyumbani, na mdomo wako ulikuwa unajikusanya kama wa mtu anayetaka kusema "naam".

"Mwite," Konsolata aliniambia.

"Siwezi. Ni sauti yangu hiyo hiyo inayomwita kule. Amejifundisha asiitike."

"Usipoita wewe anaitika kule!"

Baba, nataka ujue kilichokuwa moyoni mwangu. Sikuogopa laana. Niliogopa kwamba nikikuita utadhani ni kile kitu, utaziba masikio hata kwangu mimi, utabaki huna mahali pa kusikiliza. Na niliogopa vilevile kwamba nikinyamaza utakwenda kwa sauti yangu mwenyewe, na mimi nitaishi nikijua ulikufa ukiniitikia.

Nikainama upande wa nyuma yako, mbali na dirisha. Nikafungua mdomo. Jina halikutoka. Likatoka nusu, nikameza nusu, nikarudi mwanzo, nikakohoa ule ushenzi wa kanisani, nikaanza tena huku machozi yananiingia mdomoni. Sijui nililimaliza vipi. Najua tu kwamba nilipolimaliza nilijikuta nimekaa chini sakafuni.

Nikiwa pale chini nikasikia, "Naam."

Ulikuwa umegeuka. Ulitazama huku na huku, ukaniona nimekaa sakafuni, ukavuta shuka ukafunika uso. "Mtoeni mkamwana wangu humu," ukamwambia nesi, "sijavaa." Nesi alicheka mpaka akashika ukuta. Daktari alikuwa anaangalia mashine, akasema presha inapanda.

Zile wiki za nyonga ya saruji tulikaa Mwanza, kwa jamaa wa Konsolata. Mguu ulikuwa umefupika, hukuruhusiwa kuukanyagia, ulitembea kwa magongo mawili ukilaani saruji yote ya nchi hii. Hatukulizungumzia jambo lile. Mpaka mchana mmoja, mimi nakusafisha mshono kupitia shuka letu la dirisha, ambalo Konsolata alikuwa amelibeba kutoka nyumbani, ukasema kutoka chini ya shuka.

"Daktari."

"Naam, baba."

"Siku ile mlikuwa wawili."

Ukaendelea taratibu. Ulisema mmoja alikuwa mbele yako, kwenye mwanga, anakuita vizuri, jina lote, bila kukwama, kama mtu aliyekuita tangu utoto. Mwingine alikuwa nyuma yako, gizani, anashikwa na kigugumizi. Sauti ni moja. Ulishaanza kumwitikia wa mbele, kwa kuwa ulikuwa umechoka kuziba masikio. "Ndipo nikasema moyoni, mkamwana wangu hawezi kuniita asione haya. Huyu anayekwama ndiye wa nyumbani kwangu. Nikageuka."

Nilimaliza kufunga bandeji. Nadhani sijawahi kupendwa namna ile na mtu yeyote, na niliambiwa hayo na shuka.

Baada ya upasuaji wa pili uliamka mwenyewe, ukaomba uji. Vipimo vilikuwa safi. Tuliporudi, basi liliposimama Nyakahura ulikataa kubaki kwenye kiti, ukashuka kwa miguu yako sokoni ili wakwe wa Konsolata wakuone. Mwanamke mmoja muuza mihogo alifanya ishara ya msalaba. Nyumbani hakikusikika tena kitu migombani. Ulitembea, ulikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na wazee wenzako, uliwapeleka wajukuu misa. Na nyonga haikuuma tena mpaka siku ulipolala kwenye benchi baada ya chakula cha mchana, Odetha akadhani umesinzia. Ulikufa umeshiba, kwenye kivuli, bila homa. Watu walisema ni kifo kizuri, nami nilisema hivyo hivyo, kisha nikaingia jikoni nikalia mpaka nikatapika.

Sasa nifikie sababu ya barua hii.

Wiki iliyopita nilikuwa uani napepeta maharage. Jua la utosi. Odetha yuko shule, mdogo wake amelala ndani. Nikaitwa. Si Mama Odetha. Niliitwa jina langu la Kanazi, ambalo hapa Nyamiaga hakuna anayelitumia. Sauti ilikuwa yako, baba, na ilitoka migombani.

Ingekuwa imeita vizuri ningejua la kufanya. Ningefunga mdomo niendelee na maharage yangu, kama ulivyofanya wewe, na ningejiona mshindi. Lakini haikuita vizuri. Ilitoa nusu ya jina, ikameza nusu, ikarudi mwanzo. Ilishikwa na kigugumizi kama mzee anayemwita mkamwana wake kwa jina na anaona haya.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nasema kweli, nilitaka kuitika. Nimekukumbuka sana. Nyumba hii haina mtu wa kunicheka nikikohoa litania. Ningekuja, ningekuuliza una nini, kama nyonga inakusumbua huko, kama unahitaji mtu wa kukusafisha. Kilichonizuia ni mtoto, aliamka akalia, nikaingia ndani.

Konsolata nimemwambia. Alilia, akasema ni wewe, hakuna shaka, alama ya kukwama uliitoa mwenyewe. Deusi nimemficha. Mimi nimekaa na jambo hili nikaligeuza kila upande, na nimeona kwamba kwa mdomo sitaitika, hata kama ni wewe. Odetha bado anahitaji mtu wa kumsuka kabla ya shule. Mdogo wake hajaacha ziwa. Ndiyo maana nimekuandikia. Tumekatazwa kuitika, hakuna aliyetukataza kuandika.

Basi sikia, baba. Kama ni wewe, nakushukuru kwa kunikumbuka, na nakuomba unisubiri kimya kimya. Ukitaka kuja, njoo ukae kwenye benchi lako, nitajua, nitakupikia uji nikuwekee. Ila usiniite. Nakuomba kwa heshima yote tuliyopeana.

Nakuomba kwa sababu jana mchana niliitwa tena. Nilisikiliza kwa makini, mkono mdomoni. Safari hii ilikwama kidogo tu, mwishoni. Inaanza kulizoea jina langu.

Pumzika, baba. Pumzika huko huko.

Ni mimi mkamwana wako,
Mama Odetha